Kumwogesha Bi Tatu

Bi Tatu nilimwogesha miezi saba. Alikuwa jirani yetu hapa Madimba, amepooza upande wa kushoto, na binti yake Mariamu anafanya kazi Dar es Salaam. Mimi nilitoka Songea kuja kumlelea watoto kaka yangu Lukasi, mwalimu. Watoto wakishakwenda shule, navuka ua na ndoo yangu.

Kwenye jumuiya yetu ya kanisani tulikuwa tumepangiana wagonjwa. Mama Brian, mwenyekiti wetu, akasema, "Yustina, huyo wako hata kanisa halijui. Hatumwandiki."

"Msimwandike, mama. Maji yake nimeshabandika."

Wakacheka. Bi Tatu naye alikuwa na maneno. Nikichelewa ananiambia, "Padri wangu leo kalala."

"Bibi, nimeleta sabuni, sikuleta misa."

Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Baada ya Ramadhani akaanza kukataa chakula. Siku moja namkausha miguu, akanishika kidole.

"Nikifa uniogeshe wewe. Naona haya kushikwa na watu."

"Nitakuogesha, bibi."

Sikujua kwao inakuwaje. Niliitikia tu, kama unavyomwitikia mtoto anayetaka kulala.

Alifariki alfajiri. Wakamngoja Mariamu, akafika alasiri, macho yamevimba. Waoshaji walikuwa wameshafunga khanga mlangoni. Nikaja na ndoo, mikono ya gauni nimekunja. Yule mkubwa wao akanizuia taratibu.

"Mwanangu, humu tunaingia Waislamu wenzake."

"Nilimwahidi, mama. Aliniomba mwenyewe."

Akanitazama. "Tatu kasoma Kurani chuoni tangu mdogo. Alijua haiwezekani."

Nikasimama pale pale. Kama alijua, kwa nini aliniomba? Labda alitaka tu kusikia mtu akimkubalia. Mpaka leo sijui.

Nikawa nateka maji, wao wanapokea ndoo kwa chini ya khanga. Mara nikamsikia Mariamu analia.

"Mkono haunyooki. Nitamvunja."

Nikasogea karibu na pazia. "Usiuvute, dada. Anzia begani, kanda polepole. Halafu mwambie kwanza."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unamshika. Alikuwa hapendi kushtukizwa."

Nikadhani nimekosea, nimeingilia mambo ya watu. Halafu Mariamu akasema, sauti ndogo, "Mama, nakushika mkono."

"Umelegea?" nikauliza.

"Unalegea."

Nikataka kusali. Maneno yakanikataa, nikaenda kuteka ndoo nyingine.

Alipotolewa alikuwa ndani ya sanda. Mwili ule naujua wote, hata kovu la goti, lakini uso wake wa mwisho sikuuona. Wanaume wakampokea wakamweka kwenye jeneza, na mimi nikasogea ukutani wapite.