Shubiri ya Siku Kumi

Tk! Kifuniko cha kopo kilibanduka gizani, upande wa jikoni, na Kanini akajua kumekucha kabla jogoo hajasema neno. Alibana pua. Haikusaidia. Harufu ya mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na shubiri ilipita chini ya mlango, ikapanda kitandani, ikatulia kwenye mto kama mgeni asiyejua kuaga.

"Umeamka?" Mama mkwe alikuwa ameshafika na kopo lake. "Leta hilo titi kabla mtoto hajaamka."

"Mama, leo si tunaenda kwa daktari?"

"Ndiyo maana. Akukute msafi."

Msafi! Kanini alifungua vifungo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukupanda tangu bega liteguke akivuta tawi la makadamia. Kidole cha baridi chenye utelezi kikazunguka titi la kulia, kikarudi kuzunguka tena. Hiyo ilikuwa siku ya kumi.

Chanzo kilikuwa karatasi. Baada ya kupigwa picha ya MRI kule Embu mjini, alipewa ripoti ndani ya bahasha, akaambiwa arudi kwa daktari wa mifupa baada ya siku kumi. Nani hukaa na bahasha siku kumi? Kanini alikuwa kidato cha tatu katika masomo ya jioni, na baiolojia ndiyo iliyompa alama nzuri. Akaifungua jikoni, mtoto akinyonya mapajani, akaisoma kwa kidole. Kano ya bega imechanika kidogo: hilo alilitarajia. Lakini chini yake palikuwa na mstari mwingine. Ndani ya mfupa wa mkono, karibu na bega, kumeonekana kitu ambacho hakikuwa kikitafutwa. Kichunguzwe zaidi.

"Kuna kitu ndani ya mfupa," alisema kwa sauti, na hapo ndipo alipokosea, maana mama mkwe alikuwa akimenya ndizi nyuma yake.

Kisu kilisimama. Mama mkwe akamtazama mtoto, msichana wa miaka miwili kasoro, aliyeitwa Kaari kama yeye, kwa kuwa binti wa kwanza hurithi jina la mama wa baba yake. Hata Kanini, kwa heshima, humwita mwanawe Cucu, yaani nyanya.

"Mfupa uko juu ya titi," mama mkwe alisema. "Kikioza cha juu, hudondokea chini. Na huyo unayemnyonyesha ni mimi, Kanini. Mimi sinyonyi usaha."

Usaha! Neno likamwingia, likakataa kutoka. Angeweza kubisha, vitabu anavyo. Lakini hofu haina kidato. Akaacha apakwe shubiri, ili mtoto aukatae upande wa bega bovu. Mtoto alivuta fundo moja, akakunja uso mzima, akatema kifuani pa mama yake, kisha akamwangalia kama mtu aliyepigwa kofi bila kosa. Tangu hapo hakugusa upande wa kulia, na wa kushoto alianza kuunusa kwanza. Titi la kulia likajaa, likawa jiwe, likavuja, maziwa yakachacha kwenye blauzi pamoja na mafuta ya mbuzi. Kanini alijinusa akajichukia.

Wanawake wa kanisa nao wakaja kumwona mgonjwa. Walileta sukari na mkate, wakasali, halafu wakalibonyeza bega mmoja mmoja kama parachichi la soko la Karurumo, kwa vidole vilivyotoka kwenye sahani ya githeri.

"Ni hapa?"

"Wapi! Mimi nakisikia huku."

"Woi, kinatembea!"

Walipoondoka alijisugua kwa maji baridi mpaka akatetemeka.

Daktari waliyemkuta siku hiyo ya kumi alikuwa mwanamke mfupi wa maneno ya haraka. Alishika bega, akasita, akanusa.

"Samahani, mama. Nani amekuja na mbuzi humu?"

Kanini akaona haya mpaka masikioni. Akasimulia yote, mama mkwe akiwa kando, Kaari mapajani mwake, wote wawili wakitazama sakafu.

Daktari hakucheka. Aligeuza kompyuta. "Hiki hapa. Ni kijipande cha gegedu, ile tishu laini kama ya sikio. Ulipokuwa ukirefuka, gegedu iligeuka mfupa, hiki kikabaki nyuma. Pengine unacho tangu shule ya msingi. Nimekilinganisha na eksirei yako ya awali: hakijaula mfupa, wala si kinachokuuma. Kinachouma ni ile kano, na hiyo tutaifanyia mazoezi."

"Sasa mbona wakaandika kichunguzwe?"

"Anayesoma picha huandika kila alichoona. Ukimtuma mtu ndizi shambani akakuta jiwe, si atakuambia kuna jiwe? Haimaanishi jiwe linakula migomba. Baada ya miezi sita tutapiga eksirei tena. Ukianza kuumwa usiku, usingoje."

"Na usaha?" mama mkwe aliuliza polepole.

"Usaha gani, cucu? Maziwa hutengenezwa hapo hapo kwenye titi. Hayatiririki kutoka begani kama maji ya paa." Akamgeukia Kanini. "Mnyonyeshe leo. Upande usionyonywa hukauka, halafu hata ukitaka, hupati."

Kanini alingoja furaha. Ilikuja, lakini kinyaa kiliitangulia, na safari hii hakikuwa cha mafuta. Siku kumi! Kwa mstari mmoja wa karatasi alikuwa amemfundisha mwanawe kwamba mama yake ni kitu cha kutemwa.

Nyumbani, mama mkwe hakuomba radhi. Alilitumbukiza kopo chooni. Akachemsha maji, akaleta kipande cha sabuni, akashika karai mwenyewe huku Kanini akijisugua. Maji yakamwagwa, yakaja mengine.

"Njoo, Cucu," Kanini aliita, akafungua upande wa kulia.

Kaari alisogea. Akaweka mkono, akauondoa. Akaleta pua karibu, akafikiri sana. Bibi yake akasogeza karai karibu.

"Osha tena, Mama," mtoto akasema.