Moshi wa Mama Ruthu

Erica alifika ghalani Ihumwa jua limeshapanda, mtoto mgongoni, joto la homa bado likipenya kwenye kanga. Lori la kampuni inayonunua alizeti lilikuwa mlangoni, linanguruma bila dereva. Magunia yake ya alizeti yalikuwa juu tayari. Wanawake wenzake wa kikundi walimpakilia tangu jana jioni, yeye akiwa zahanati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Ruthu. Umebaki wewe tu kuhojiwa," alisema Hana, mwenyekiti wao. "Mtoto vipi?"

"Afadhali. Leo ananyonya."

Hana alitaka kumnong'oneza neno, lakini Kefa, kijana wa kampuni, alishamwita Erica mezani.

Kefa aliuliza maswali ya kampuni huku akigusagusa kishikwambi. Mbolea ya dukani? Hatumii. Trekta?

"Trekta si hili hapa, kaka," Erica alionyesha mikono yake. Wenzake wakacheka.

"Mabua ya mwaka jana unayafanyaje?"

"Naberega. Nakusanya takataka zote chungu chungu, nachoma kabla ya mvua. Shamba langu utadhani sebule imefagiwa."

Alisema kwa fahari. Ulikuwa msimu wake wa kwanza peke yake, tangu mumewe Yoramu aende machimboni na simu yake iache kupatikana. Majirani waliuona moshi ule wakajua shamba lina mwenyewe. Alitamani japo mtu mmoja amwambie hongera.

Nyuma yake kicheko kilikatika.

"Katuponza huyo," mmoja alisema.

Kefa alishusha pumzi. "Dada, wanunuzi wa Ulaya siku hizi wanahesabu moshi wote unaochafua hewa hadi mafuta ya alizeti yapatikane, hata wa shamba ambalo hawajawahi kulikanyaga. Moshi wako unaandikwa kwao. Na kikundi kinapimwa pamoja. Mmevuka kiwango, alizeti yenu haitanunuliwa."

"Kwani wenzangu hawaberegi?"

Wote walitazama chini. Ndipo Erica alipoelewa kwamba jana, baada ya kupakia, walikaa wakapatana cha kujibu.

"Si ufute tu, mwanangu?" Hana alimwambia Kefa.

"Taarifa ikishaenda imeenda. Labda yeye asiwe mwanachama."

Hana hakumtazama Erica. "Sote tuna watoto, mama Ruthu. Msimu ujao utarudi."

"Na hii alizeti nimuuzie nani?"

"Bashiri yupo sokoni."

Mizani ya Bashiri kila mtu aliijua kwa kupunja. Wanawake walipanda wakayashusha magunia yake polepole, bila kuyatupa, kama watu wanaohamisha vyombo vya jirani aliyefiwa.

Kefa alimletea kishikwambi. "Weka dole gumba hapa."

Erica alisoma kwanza, kidole chini ya maneno, kama walivyofundishwa kwenye masomo ya jioni. *Nimejitoa kwa hiari yangu.*

"Siweki."

"Utaratibu tu, dada."

"Sikujitoa. Andika mmenitoa."

"Hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

"Basi iache wazi."

Dereva alirudi akifuta mdomo. Lori liliondoka, moshi wake mweusi ukatanda mlangoni, na wanawake wakaufuata kwa miguu hadi barabarani, wakizungumza kwa sauti za chini.

Erica alikaa juu ya gunia. Alimgeuza mtoto, akampangusa masizi kwenye paji la uso kwa ncha ya kanga, akamnyonyesha. Dole gumba lake lilikuwa bado limefichwa ndani ya ngumi.