Chipu Mbili za Ramani ya Makaburi

Wenceslaus alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku moja. Miaka thelathini ya kutengeneza redio na kompyuta za watu pale Kilosa ilikuwa imemmaliza macho. Asubuhi hiyo dada yake Magreti alishuka kutoka Mikumi, akihema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimeileta." Akafungua pindo la khanga, akatoa kadi kuukuu ya kompyuta, aliyoiokota stoo ya gesti alikokuwa akifua mashuka.

Kompyuta iliyokuwa mezani ilitoka shamba la mkonge lililofungwa zamani. Ndani yake marehemu Tomasi, karani wa shamba, alikuwa amechora ramani ya makaburi ya wafanyakazi, kila kaburi na jina lake, kama alivyoelezwa na wazee. Mafuriko yalipokuja yaliondoka na misalaba yote, na kaburi la mama yao likawa tope kama tope jingine. Sasa moyo wa Magreti ulikuwa umechoka, daktari hakumficha, naye alitaka jambo moja tu duniani: azikwe ubavuni mwa mama.

Ramani haikukubali kufunguka kwenye kompyuta nyingine, na hata kwenye hii ilifunguka mistari mitupu, bila rangi wala majina. Kadi yake ya picha ilikuwa na memori ndogo mno. Ila ilikuwa na soketi mbili wazi, na kadi ya Mikumi, japo imekufa, ilikuwa na chipu mbili za kuzijaza.

Alizing'oa kwa bisibisi bapa. Ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili ikakunja mguu mmoja, naye akatukana kimoyomoyo.

"Usiivunje, mdogo wangu."

"Sivunji. Hebu nyamaza kidogo, dada."

Akajuta papo hapo. Akaazima sindano iliyochomekwa kwenye khanga ya dada yake, akaunyoosha ule mguu kidogo kidogo mpaka shingo ikamuuma, akaisukuma chipu mahali pake. Kisha akawasha. Subira yavuta heri, husema watu ambao hawajawahi kusubiri kompyuta ya mwaka tisini na tano iwake.

Ramani ikaja na rangi zake zote.

"Mama huyu hapa," alisema Wenceslaus.

"Na ubavuni kwake, pako wazi?"

Kwenye mistari mitupu palionekana wazi. Sasa palikuwa na kisanduku cha kijani, rangi ambayo Tomasi aliwatengea watoto. Wenceslaus alisoma, akasoma tena. Alitamani kuyasingizia macho yake.

"Pana mtu, dada."

"Nani?"

"Imeandikwa, mtoto wa Magreti. Siku mbili. Sabini na saba."

Mwaka huo Wenceslaus alikuwa na miaka tisa. Alikumbuka wanawake wa kambi ya shamba wakitoka na kifurushi cheupe alfajiri, na dada yake akizuiwa ndani. Ndiyo ilikuwa desturi: aliyefiwa na kichanga haendi kaburini wala haonyeshwi, asije akang'ang'ania msiba. Mama yao alikuwa miongoni mwa wanawake wale. Hakusema walimzika wapi mpaka anakufa, ila aling'ang'ania azikwe kona ile ya mtaro, mbali na mumewe, na wanawe wakamwona mbishi tu.

Magreti aliweka kidole juu ya kisanduku cha kijani.

"Kila nilipomuuliza mama alinijibu, yupo pazuri, nitamwangalia. Nikadhani ni maneno ya kanisani." Akalia, kwa sauti ya mtu aliyesubiri karibu miaka hamsini kulia.

Wenceslaus hakujua mikono yake aiweke wapi. "Kwa hiyo nafasi hakuna, dada."

"Ipo. Upande huu mwingine wa mtoto." Akajifuta uso kwa khanga. "Niandike hapo kabla mashine yako haijazimika."