Penalti ya Mkwe

Kipa aliyelala matopeni, mikono yote miwili imeung'ang'ania mguu wa mshambuliaji wa timu ya Kiogoro, alikuwa baba mkwe wangu. Msicheke. Ogari alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi thelathini na mmoja. Lakini alikuwa ndugu mdogo wa baba yake Nyanchera, mke wangu, na kwetu Gusii ukwe hauulizi umri. Mkwe humpi mkono, humtazami machoni, wala hubishani naye.

"Jisingizie homa," Nyanchera alikuwa ameniomba asubuhi ya Jumapili hiyo, mwaka wa 1971. "Ukimwaibisha baba mdogo mbele ya watu, nitaiweka wapi sura yangu?"

"Hakuna refa mwingine," nilimjibu. Nilisema kweli, ila si kweli yote. Ningeweza kukataa, sikutaka.

Miaka mitano nyuma nilikuwa mchezaji. Nilifunga bao safi, refa akaliona, akawatazama wenyeji waliomnywesha chai, akalikataa. Nililia kama mtoto, jamani, na wala si kwa ajili ya bao. Nilichoshindwa kukimeza ni kumwona mtu mzima akiujua ukweli na kuukalia. Wiki iliyofuata nilinunua filimbi. Tangu hapo nimetukanwa, nimetupiwa maganda ya miwa, na kila nikitoka uwanjani nimelala usingizi mzuri.

Sasa hakuna aliyekuwa amefunga, dakika zimebaki mbili, na uwanja mzima wa Mosocho unanitazama. Filimbi ilikuwa mdomoni lakini pumzi haikutoka. Nilimwona Nyanchera pembeni, kashika kichwa. Nilimpenda mwanamke yule, nasema wazi. Nikapuliza, nikanyoosha kidole.

Ogari akainuka, matope hadi kwenye nyusi. "Unaninyooshea kidole mimi, mkwe?"

"Nisamehe, baba. Ni penalti."

Kiogoro wakafunga. Nilipotazama tena pembeni, Nyanchera hakuwapo.

Nyumbani nilikuta mlango wazi, jiko baridi, sanduku lake halipo. Nilishika njia ya kwa wakwe, nikarudi, nikaishika tena. Kwenye migomba nikamwona Ogari anakuja. Nikatoka njiani kumpisha, kama inavyopasa. Hakupita.

"Nyanchera yuko kwetu," alisema, uso kaugeuzia migombani. "Kaka amekasirika sana. Usimfuate mpaka uitwe, na sijui kama utaitwa."

"Nimesikia, baba."

Kisha akasema polepole, "Nilimshika mguu yule kijana. Nimewaambia wote pale nyumbani, na Nyanchera alikuwa anasikia."

Akaenda zake. Nilibaki migombani nikimlilia mke wangu, na humo humo ndani ya kilio, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na mechi Nyamira. Nilikuwa bado sijaitwa. Nilikwenda.