Waliobaki Vitini

Kila asubuhi Yusra alifungua duka la intaneti la mjomba wake Gharib, pale Katubuka karibu na kijiwe cha bodaboda. Alipangusa meza, akapangusa kompyuta, kisha akawapangusa vumbi mabegani wateja waliobaki. Hawakuwa na matata, waliobaki. Mtu akija, akaandika barua pepe yake, akalipa na kwenda zake, kama neno lake la siri limehifadhiwa kwenye kivinjari basi huenda nyumbani na papo hapo hubaki kitini, kimya, mikono magotini. Hali, hanywi, hachukui nafasi. Ukimwuliza jambo lake hukujibu, kwa sababu amewekwa kwa kazi hiyo.

Mwalimu Leonardi alikuwa amebaki tangu mwezi wa Ramadhani. Akija mwenyewe, hujiamkia shikamoo kwa utani, hujikalia palepale alipobaki, na kuikuta barua yake imeshafunguka. Wanaume walikaa nyuma ya pazia na wanawake mbele, na kila upande ulikuwa na waliobaki wake.

Kuhifadhi ilikuwa desturi ya Yusra. Kwao Ujiji mgeni wa mara ya pili haulizwi jina lake, wala kama chai yake ni ya maziwa au ya rangi. Kumwuliza ni kumwambia kwamba juzi hukumtazama usoni. Kwa hiyo kivinjari kilipouliza kama kihifadhi, Yusra aliinama begani kwa mteja na kubonyeza ndiyo kabla mwenyewe hajasoma swali. Hakuwahi kumwuliza mtu kama anataka kukumbukwa. Nani asiyetaka? Mjomba Gharib alimsifia mpwa wake kila alipopata wa kumsikiliza.

Veneranda aliingia mwaka ule Warundi walipovuka tena. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi bila kibali, amepanga chumba Kasingirima, anajiita Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na watu wa mjini wana shughuli zao. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, Nikodemu, na hakuwa peke yake katika kumtafuta. Kule Bujumbura Nikodemu alikuwa ameona jambo ambalo wakubwa fulani walitaka lisiwe limeonwa na mtu.

Siku jibu la barua zake lilipofika, Veneranda alilia juu ya kibodi mpaka herufi zikalowa. Mdogo wake alikuwa hai. Alikuwa Simbo, analima mihogo kwa mjane mmoja nyuma ya kanisa, na jua likizama hamfungulii mtu yeyote mlango. Yusra akamletea maji, akamsomea jibu tena, na kwa mapenzi yote akabonyeza ndiyo. Veneranda akaenda zake, Veneranda akabaki.

Yule bwana alikuja alasiri moja, shati limepigwa pasi, mstaarabu. Alisema kule nyuma pana joto, akaomba akae mbele. Alikaa kando ya Veneranda aliyebaki, akamsemesha Kirundi kwa sauti ya chini, naye akajibu yote aliyoulizwa. Yusra alidhani ni ndugu. Alishituka bwana yule alipoinuka na Veneranda akainuka naye.

"Waliobaki hawatoki," Yusra alisema.

"Hujawahi kuwaomba," alijibu yule bwana kwa upole, akamshikia mlango apite.

Walipanda bodaboda, Veneranda katikati, na dereva akatoza nauli ya abiria wawili. Walishika njia ya Simbo. Hapo Yusra alilikumbuka lile jibu. Alimpigia Veneranda mwenyewe simu, na Veneranda akaja mbio kutoka Kasingirima, kiatu kimoja mguuni, akaanguka kitini na kujifunika uso kwa kitenge. Alisema neno moja tu, kwamba afutwe.

Yusra hakuwahi kuingia kwenye mipangilio ya kivinjari. Alipita huku na huku, lugha, maandishi, picha, mpaka akafika penye faragha. Namna ya kumtoa mtu mmoja hakuijua, na jua lilikuwa linashuka. Mjomba Gharib alimsihi awafikirie wateja, watarudi wakute hawajulikani. Yusra akachagua kufuta yote, tangu mwanzo, akabonyeza. Mara hii aliyasoma maneno kwanza.

Waliobaki wakasimama. Walitoka nyuma ya pazia na mbele, wakapita mmoja mmoja nyuma ya kiti cha Veneranda, wakaingia barabarani kuelekea ziwani, kila mtu na adabu zake. Mwalimu Leonardi alitoka wa mwisho, baada ya kutafuta mwavuli wake.

Yule aliyekwishapelekwa Simbo alikuwa amefutwa pia, lakini huko nyuma ya kanisa mtandao haukamati, na habari haikumfikia. Jua limezama, alisimama mlangoni kwa mjane, akasema, "Musaza wanje, ugurura." Ndugu yangu, fungua. Mjane alisikia akiwa jikoni. Sauti ilikuwa ya dada mtu, na Nikodemu akafungua.

Yusra na Veneranda walipofika walikuta mlango wazi na ugali wa muhogo unapoa. Kwenye mkeka alikuwa amekaa Veneranda aliyebaki, mikono magotini. Veneranda alimwuliza Nikodemu wamempeleka wapi. Hakujua. Alijua yale tu ambayo Veneranda mwenyewe aliyajua.

Kituo cha polisi, askari wa zamu aliwasikiliza vizuri. Aliuliza mlango umevunjwa? Haukuvunjwa. Nani aliita? Dada yake. Basi, akasema, ndugu wameitana. Kisha akamwomba Veneranda kibali cha kutoka kambini.

Asubuhi yule bwana alirudi dukani, akasoma barua zake, akauliza kama ni kweli kwamba sasa hakibaki kitu. Yusra alijibu kwamba hakibaki.

"Hapo sawa," alisema. "Mtu anahitaji faragha yake." Akalipa, akatoka, na kiti chake kikawa kitupu, hata wa kumwuliza jina hakuwapo. 

Gari la kumrudisha Veneranda kambini lilisimama nje mchana, naye akaomba ashuke kidogo. Alimwonyesha Yusra picha ndogo ya mdogo wake. Alitaka kujua kama huyu aliwahi kuonekana mjini, hata kwa mbali. Yusra alimtambua mara moja. Hapo dukani alijiita Selestini, alikuja siku za Jumamosi, alikaa nyuma ya pazia, dirishani.

"Alikuwa akiniandikia kutoka hapa?"

"Hapahapa."

"Na alibaki?"

Yusra alitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Alibaki, dada. Nilimfuta jana pamoja na wengine. Alipita nyuma yako."

Veneranda alifunua pazia, akaenda akakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Dereva alipopiga honi aliinuka akaenda, na kitini hakubaki mtu.