Nyama Niliyoivisha Uvundo

Nani kawaambia nyama ya porini inaozeshwa na jua? Jua linasingiziwa tu. Nyama inaozeshwa na uvivu! Mtu anamwangusha mnyama, badala ya kumpasua tumbo hapo hapo, anakaa kivulini kujisifu. Akigeuka, tumbo limevimba kama ngoma na nzi wamekwisha taga. Mimi sikuwahi kupoteza nyama kwa namna hiyo, hata mwaka ule wa vita vya Mdachi na Mwingereza, nilipowinda peke yangu katika kiangazi kibaya kuliko vyote nilivyoviona.

Nasema peke yangu kwa sababu wanaume wa kijiji chetu cha Busi walikuwa wamekwisha. Wengine walikamatwa kubeba mizigo ya Mdachi, wengine walikimbilia milimani. Ng'ombe walichukuliwa. Mtama ulifagiliwa ghalani hadi mbegu. Nyumbani nilikuwa na mke wangu Batuli na binti yetu Zaitun, mtoto wetu wa pekee, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba kwa njaa. Mdachi sikumwogopa sana. Niliogopa ile miguu.

Siku naondoka, Batuli aliniambia, "Baba Zaitun, leta chochote, lakini kiwe kimechinjwa. Mwanangu simlishi kibudu."

"Hata kwa njaa hii?"

"Hata kwa njaa hii. Kama ni kufa, tufe safi."

Watu husema mwenye njaa hana miiko. Waliosema hivyo hawakumjua Batuli.

Nikaingia pori la magharibi, mbali, nikamvizia tandala dume penye kidimbwi kilichokuwa bado na maji. Mshale wa sumu ukampata ubavuni. Nilimfukuza kama kichaa, maana sumu ikinitangulia amekuwa kibudu. Nikamkuta amepiga magoti, bado anahema. Bismillahi, kisu kikapita, damu ikaruka. Halali kabisa! Nikalia, wallahi, nikalia huku nimemshika pembe.

Sasa ikaja kazi. Mtu mmoja na tandala mzima, jua la kuchemsha ubongo, na nyumbani ni mwendo wa siku mbili. Ukikata paja bichi ukakimbia nalo, utafika na funza. Nikampasua upesi, nikatoa matumbo bila kuyatoboa. Pale palipoingia mshale nikakata nyama yenye sumu, nikaitupa. Nikaitenga nyama na mifupa, kwa sababu uozo huanzia mfupani. Sikuiosha, maji ni adui wa nyama. Nikaichana mikanda myembamba, mirefu, mingi hata mkono ukafa ganzi.

Chumvi haikuwapo, ilikwisha kupotea pamoja na amani. Ulibaki moshi, na moshi askari wanauona toka mbali. Basi nikahamishia kila kitu chini ya jiwe kubwa lenye paa, nikajenga uchaga wa vijiti, nikawasha moto mdogo wa kuni mbichi. Moshi ukapanda, ukatambaa kwenye paa la jiwe, ukatawanyika, ukatoka nje umechoka hata hauonekani. Nikageuza mikanda ile huku macho yananichuruzika, nikafukuza nzi, nikageuza tena, hadi ikawa myeusi. Ukiupinda mkanda, unavunjika kah! Nyama ya namna hiyo inangoja mvua na inangoja mavuno. Ukimchemshia mtoto kipande kimoja, supu yake tu inamsimamisha.

Lakini ilibaki njia ya kurudi, nayo ilikuwa na askari. Jirani yetu Abbasi alikuwa amekausha nyama yake vizuri kabla yangu, ikanukia vizuri, na askari wa njia ya Kondoa wakaila mbele yake wakimsifu kwa ufundi. Nilipomkumbuka Abbasi nikapata akili, nikajiona ndiye mwerevu wa Busi nzima. Ngozi na matumbo nilikuwa nimeviacha juani. Kunuka? Subhanallah! Nikaipanga nyama ndani ya kilindo cha gome la mti, nikakifunika kwa majani mabichi, nikakifunga kamba. Juu yake nikazungusha yale matumbo, kisha nikaviringisha vyote ndani ya ngozi mbichi. Nilipoubeba ule mzigo nilitapika, halafu nikacheka. Nilipanga nimwite Batuli toka mbali: "Mama Zaitun, usikimbie, ni ujanja tu! Ndani kuna halali!"

Nikatembea nao mpaka nikaliona korongo la kwetu. Ukishalivuka hilo, nyumbani si mbali. Askari walikuwa wamekaa ukingoni.

"Shikamoo, afande."

"Umebeba nini wewe, maiti?" aliniuliza mwenye ndevu, pua ameziba.

"Mzoga, afande. Ndiyo njaa yenyewe."

Wakacheka. Mwenye ndevu akausukuma mzigo kwa mtutu wa bunduki, ukaniponyoka ukabingirika kando ya njia. Moyoni nilifurahi, nikajua nimewaweza. Nikainama niuokote. Akaniwekea mkono begani, akalipapasa bega kama mtu anayenunua punda.

"Aliyebeba uvundo huu kutoka huko porini," aliwaambia wenzake, "sanduku la risasi litamshinda?"

Wakanitia kamba shingoni. Hapo nikapiga kelele. "Afande, ni nyama nzuri! Ni kavu! Fungueni muone! Chukueni yote, mimi niacheni!" Wakazidi kucheka. Nani angeufungua? Niliomba, nikatukana, nikaomba tena, nao wananivuta, na mimi nageuka nyuma kuutazama mzigo wangu uliojaa nzi.

Ya kubeba masanduku sitayasema, yananitia hasira bure. Mdachi alipoanza kukimbia, nami nikapata upenyo nikakimbia. Mvua ilikuwa imekwisha nyesha nilipofika tena pale korongoni. Ngozi haikuwapo. Kilindo kilikuwa kimepasuka, kitupu. Huenda ni fisi, lakini sikutaka wawe fisi. Nilijiambia ni watu wetu, labda Batuli mwenyewe, na miguu ikapata nguvu.

Nilimkuta Batuli peke yake mlangoni. Alinishika nguo.

"Zaitun yuko wapi?"

"Ulichelewa," akasema. "Nikambeba nikaja kukutafuta. Pale korongoni tukakuta mzoga, mtu kauviringisha ngozi akautupa njiani. Mtoto akanyoosha mkono. 'Mama, nyama.' Nikamwambia hapana, mwanangu, kibudu hicho. Nikamziba pua nikapita mbio. Yeye anageuka nyuma. 'Mama, nyama. Mama, nyama.' Nikampiga, Baba Zaitun. Nilimpiga kofi ili anyamaze. Hakunyamaza. Amekufa anaililia ile nyama."

Mimi ni mtu wa maneno. Nabishana na kila mtu, hata mvua ikichelewa naigombeza. Lakini Batuli ningemwambia nini? Kwamba ilichinjwa? Kwamba ilikuwa safi kuliko chochote kilichopikwa Busi mwaka ule? Miiko yake ndiyo iliyokuwa imembakiza amesimama. Ningemvunja mbele ya macho yangu.

Akanipeleka kwenye kaburi. Ni dogo, amelizungushia mawe kwa mikono yake, na magugu ya mvua yameanza kuota juu yake. Nikachuchumaa kuyang'oa. Batuli akakunja mtandio, akainua viganja vyake.

"Ee Mola," akasema, "aliyeutupa mzoga ule mbele ya macho ya mwanangu, usimpe raha duniani, wala usimpe raha kaburini."

Akanigeukia, akangoja, kwa kuwa dua ya mama huitikiwa na baba.

"Amina," nikasema.