Rundo Lililopoa

Nilipotia mkono ndani ya rundo langu la mboji nikalikuta limepoa, nilijua kuna mtu ananiibia taka.

Usicheke. Rundo lenye taka za kutosha hutoa joto. Udongo wa nyuma ya nyumba yetu ni mgumu kama tofali. Kabla sijaanza kuulisha maganda na majani yaliyooza, maji yalikuwa yanapita juu yake kama mgeni asiyekaribishwa. Sasa unashika unyevu, na ukichimba unakutana na minyoo. Ila udongo nao ni tumbo, haushibi mara moja. Mvua zilikuwa karibu, vitanda sita vya mchicha vinangoja, na rundo badala ya kupanda lilikuwa linabonyea. Najua taka zikioza hupungua, lakini hazipungui upande mmoja tu, tena pamepekuliwa.

Nilianza na mkwe wangu, mke wa mwanangu, maana yeye na nzi hawapatani. Nikamuuliza kwa kuzunguka kama anamjua anayefagia kule nyuma. Akajibu bila kuinua macho kwenye pasi: "Mama, mwizi mwenye akili zake aache redio, abebe maganda?" Sikumwamini wala sikumkatalia.

Akabaki Mshonaji, shoga yangu wa miaka mingi, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayeishi peke yake. Kila asubuhi huniletea ndoo yake ya maganda, kwa hiyo njia ya kuingia anaijua. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Bila shaka anafungua bustani yake kwa jasho langu.

Nikaanza kuikagua ndoo yake. Kisu changu kina pengo kwenye makali, na kila ganda la kiazi ninalomenya hubaki na mstari. Siku ya tatu nikauona mstari wangu ndani ya ndoo ya Mshonaji, na majivu ninayonyunyizia rundo yameganda pembeni. Nikachanganyikiwa. Mwizi gani huyu, anaiba leo anarudisha kesho?

Nikabeba gauni lililofumuka, nikaenda kwake. Nyuma hapakuwa na bustani wala alama ya jembe. Jikoni, jiko la mkaa lilikuwa safi kama la dukani, na vifuniko vya sufuria vina vumbi. Mwenyewe alikuwa akinieleza jinsi macho yanavyomnyima kazi siku hizi, huku akiligeuzageuza gauni langu kwa vidole vilivyobaki mifupa.

"Leo umepika nini?" nikamuuliza.

"Viazi, shoga. Asubuhi hukuyaona maganda?"

Nikasema nimeyaona. Nilitoka pale na aibu yangu. Siku zote zile nilikuwa naikagua ndoo, mwenye ndoo sikumtazama.

Kesho yake nikarudi na viazi, mafuta na mkaa. Nikamwambia Mshonaji kwamba mkwe wangu amenichosha na maneno ya nzi, kwa hiyo mchana nitakuwa napika kwake, kama atanivumilia.

Alinitazama kwa jicho lililofinywa, kama anayetia uzi kwenye sindano. "Mkwe wako yule mpole?"

"Huyo huyo."

"Kuna kitu unanificha, wewe."

"Basi niondoke na viazi vyangu?"

Nikaogopa atasema ndiyo. Kisha akasogeza kiti, akanipokonya kiazi mkononi.

"Kaa. Wewe ukimenya, nusu ya kiazi unawapa minyoo."

Alimenya maganda membamba kama karatasi, na rundo halikupata cha maana. Mvua zilipokuja, mboji iliyoiva ilitosha vitanda vitatu. Vile vingine nimeviacha na majani makavu juu, vingoje.

Siku hizi mkwe wangu ndiye anayechungulia kapu letu la viazi kila jioni, halafu ananiangalia kwa pembeni. Mwache achungulie.